Van Gogh: Miezi 19 ya mchoraji

Vincent van Gogh, mchoraji mashuhuri, alizaliwa Zundert, Uholanzi, mwaka 1853. Disemba 23, 1888, mjini Arles, Ufaransa, akili ilimruka, akajikata sikio. Akalazwa hospitali, na majirani, badala ya kumwonea imani, wakatia saini waraka afungiwe. Mei 1889 akaingia mwenyewe hospitali ya Saint-Rémy, akakaa mwaka mzima.

Mei 1890 akatoka, akahamia Auvers. Huko alichora karibu picha moja kila siku, hata ukadhani amepona. Julai 29 akafa kwa jeraha alilosema amejitia mwenyewe. Umri wake miaka 37.

Madaktari hawajaafikiana juu ya jina la maradhi yake. Lakini wanajua kwamba mwenye maradhi ya akili huwa hatarini zaidi kujiua katika mwaka wa kwanza, na majuma ya mwanzo atokapo hospitali. Akili imetulia, sasa anaona alichopoteza.

Basi msomaji, kijana akirudi kutoka Mathari, ateremke Mtito Andei au afike Mombasa, usimwachie upweke. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema.