MWANZILISHI WA CHICAGO ALIKUWA MTU MWEUSI

Kila ifikapo tarehe 1 Mei, wafanyakazi wa nchi yetu pamoja na wenzao wa nchi nyingi za dunia hulikumbuka jina la Chicago. Ndiko wafanyakazi walikogoma mwaka 1886 wakidai siku ya kazi isizidi saa nane, na ndiko wanne katika viongozi wao walikonyongwa mwezi wa Novemba mwaka 1887. Hayo twayajua, na twawafundisha watoto wetu. Lakini wachache miongoni mwetu wamepata kujiuliza mji ule wenyewe ulianzwa na nani. Leo twapenda kulijibu swali hilo, kwa kuwa katika jibu lake limo funzo linalotuhusu sisi sote tufanyao kazi.

Mgeni wa kwanza aliyefanya makao ya kudumu mahali pale aliitwa Jean Baptiste Point du Sable, naye alikuwa mtu mweusi. Watu wa Haiti humhesabu kuwa mwana wa nchi yao. Alikuwa mfanyabiashara na mkulima, Mkatoliki, msemaji wa Kifaransa. Hakuja na jeshi.

Yafaa kwanza tupaeleze mahali penyewe. Mto Chicago uko katika pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Michigan. Zamani zile msafiri aliyetoka ziwani aliweza kuupanda mto huo kwa mtumbwi, kisha akaubeba mtumbwi wake begani kwa mwendo usio mrefu, akautia katika mto mwingine uendao mpaka Mto Illinois, na kutoka hapo mpaka Mto Mississippi na bahari ya kusini. Basi aliyekaa pale alikaa mlangoni pa njia kuu mbili za maji. Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa Wapotawatomi, nao waliijua njia hiyo na kuitumia. Hata jina la Chicago limetokana na lugha za wenyeji, nalo ni la kitunguu cha mwituni kilichoota kandokando ya mto.

Habari za du Sable zaanza kuonekana wazi katika maandishi ya mwaka 1779, wakati wa vita vya makoloni ya Amerika kudai uhuru wao kwa Waingereza. Mwaka huo askari wa Kiingereza walimkamata karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Michigan, alikokuwa na bidhaa zake, kwa kumshuku kuwa yu upande wa waasi. Wakampeleka kaskazini katika ngome yao ya Michilimackinac. Lakini ofisa yule yule aliyemkamata alitoa taarifa kwamba mfungwa huyu ana marafiki wengi wanaomshuhudia kuwa mtu mwema. Kutoka mwaka 1780 mpaka mwaka 1784 Waingereza wakamweka kuwa msimamizi wa shamba kubwa la misonobari kando ya Mto St. Clair. Mtu aliyeletwa kwa ulinzi wa bunduki akaishia kukabidhiwa mali ya waliomkamata. Hiyo yatosha kuonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Baada ya hayo akafanya makao yake katika ukingo wa kaskazini wa Mto Chicago, karibu na mlango wake. Hakukaa peke yake. Mkewe alikuwa binti wa Wapotawatomi, ambaye masimulizi humwita Kitihawa, na kanisa likamwandika kwa jina la Catherine. Walikuwa wameoana kwa desturi za wenyeji, na mwaka 1788 wakaifungisha ndoa yao mbele ya kasisi huko Cahokia, karibu na Mto Mississippi. Walipata watoto wawili, Jean na Susanne. Susanne aliolewa mwaka 1790, na mwaka 1796 akamzaa binti, Eulalie, hapo hapo Chicago.

Twautaja ukoo huu kwa makusudi. Katika nchi ile mgeni hakuweza kudumu bila ridhaa ya wenyeji. Du Sable alidumu kwa sababu alikuwa mkwe wao. Mkewe ndiye aliyempa ndugu, na ndugu hao ndio waliompa amani ya kulima na kufanya biashara. Kwa hiyo asemaye kwamba mji wa Chicago ulianzwa na mtu mmoja husema nusu ya maneno. Ulianzwa na mume na mke, juu ya ardhi ya watu wa mke.

Na kazi yao haikuwa ndogo. Mwaka 1790 msafiri mmoja aliyepita hapo alipata kwa du Sable unga, mikate na nyama ya nguruwe kwa ajili ya safari yake. Tena tunayo hati ya mwaka 1800, alipouza mali yake, na hati hiyo yataja kila kitu. Palikuwa na nyumba ya futi 40 kwa 22, ghala mbili, kinu cha kusagia nafaka kilichozungushwa na farasi, nyumba ya kuokea mikate, nyumba ya maziwa, nyumba ya kukaushia nyama kwa moshi, na banda la kuku. Palikuwa na ng'ombe 30, nguruwe 28, kuku 44 na baghala wawili, pamoja na zana za kilimo na za useremala. Mfanyakazi yeyote aisomaye orodha hiyo ajua maana yake. Ni miaka mingi ya kuamka alfajiri.

Bei ilikuwa livre 6,000. Aliyeandikwa kuwa mnunuzi ni Jean La Lime, na mmoja wa waliotia sahihi kuwa mashahidi ni mfanyabiashara aliyeitwa John Kinzie. Twaomba msomaji alishike jina hilo la pili.

Du Sable akaenda kukaa St. Charles, katika nchi iitwayo leo Missouri. Mwanawe Jean alifariki mwaka 1814. Mwaka mmoja kabla ya hapo mzee alikuwa amekwisha kumkabidhi nyumba yake mwanamke aitwaye Eulalie, kwa sharti kwamba amtunze katika uzee wake na amzike katika makaburi ya Wakatoliki. Alifariki tarehe 28 Agosti 1818, akazikwa kama alivyotaka. Lakini katika kitabu cha kanisa hakikuandikwa alikotoka, wala wazazi wake, wala jamaa zake. Iliandikwa tu kwamba alikuwa mtu mweusi. Kaburi lake halikuwekwa alama.

Huko nyuma Chicago, mwaka 1804, John Kinzie alihamia katika nyumba ile ile ya du Sable. Mwaka 1812 Kinzie alimwua La Lime katika ugomvi. Hata hivyo jina la Kinzie liliendelea kukua. Mwaka 1856 mke wa mwanawe, Juliette Kinzie, alichapisha kitabu cha habari za zamani za sehemu zile. Humo jamaa ya Kinzie ilipewa nafasi kubwa, na du Sable nafasi ndogo mno. Kwa muda mrefu watu wakamwita Kinzie baba wa Chicago. Yule aliyekuwa shahidi wa mauzo akapewa sifa ya mjenzi.

Hati ya mauzo ilikuwa imelala katika kumbukumbu za Detroit. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanahistoria Milo Quaife akaikuta, na ile orodha ya ghala, kinu na ng'ombe ikasema yale yaliyonyamazwa. Lakini karatasi peke yake haitoshi. Watu weusi wa Chicago ndio walioishika habari hiyo. Mwaka 1928 akina mama walianzisha chama cha kumkumbuka du Sable, wakiongozwa na Annie Oliver, na wakahakikisha kwamba katika maonyesho makubwa ya mji huo ya mwaka 1933 panasimamishwa mfano wa nyumba yake. Shule ikapewa jina lake, kisha jumba la makumbusho. Mwaka 1968 likawekwa jiwe huko St. Charles mahali palipodhaniwa kuwa kaburini pake, ingawa wachimbaji walipopachimba mwaka 2002 hawakuikuta mifupa yake. Mwaka 2010 daraja kubwa la Chicago lililo karibu na ilipokuwa nyumba yake likapewa jina lake, na mwaka 2021 jina hilo likaongezwa katika barabara kuu ya kando ya ziwa.

Twafurahi kwa heshima hiyo, lakini furaha yetu isitufumbe macho. Mwaka 1795 Marekani ilikuwa imekwisha kuwatoza wenyeji, kwa mkataba uliofuata vita, eneo la maili sita kwa sita mlangoni mwa mto ule. Mwaka 1803 ngome ikajengwa ng'ambo ya nyumba ya du Sable. Na kwa mkataba wa mwaka 1833 Wapotawatomi wakatakiwa kuiacha nchi yao na kwenda magharibi. Watu wa Kitihawa, waliomkaribisha mgeni, wakafukuzwa na wageni waliomfuata. Mji umelirudisha jina la mume. Ardhi ya jamaa za mke haikurudishwa.

Basi funzo lake ni nini? Sisi twaona ni hili. Anayefanya kazi asipoandikwa, sifa yake huchukuliwa na jirani mwenye kalamu. Katika matawi yetu, katika vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, wako wazee walioanza mambo kwa mikono mitupu. Wako akina mama waliopika, waliochanga, waliowaficha wenzao wakati wa hatari, na majina yao hayamo katika daftari lolote. Mwenzetu aliye katibu na afungue daftari lake wiki hii, awaite wazee wake, aandike: nani alianza, mwaka gani, kwa mali gani, na mkewe au mumewe alikuwa nani. Du Sable aliokolewa na karatasi moja iliyohesabu hata kuku. Wetu tusiwaache wamngoje mtu wa kuja kuwatafuta baada ya miaka mia moja.