Mgeni Aliyewalisha Wenyeji

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za mgeni mmoja ambaye wenyeji wake walipona, wakashiba, na jina lake wakaligeuza. Safari ya Kericho ndiyo iliyonikumbusha mtu huyu.

Kericho ni nchi ya mvua na baridi. Kutoka huko hadi Bomet jicho halioni ila chai, kama zulia la kijani lililotandikwa juu ya vilima. Sisi watu wa pwani baridi ile hutuingia mifupani, na tumbo hudai kitu cha moto. Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, nilielekezwa hoteli ndogo ya Msomali mmoja pembeni mwa mji, meza zake hazina hata vitambaa. Nikaletewa sahani ya tambi. Si zile zetu za sukari na iliki, bali za chumvi, zenye mchuzi wa nyanya na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu ubavuni. Wasomali huziita baasto, neno walilolipata kwa Waitaliano waliowatawala. Nilikula hata roho ikatua. Nikawaza jinsi chakula cha Waitaliano kilivyosafiri mpaka kikawa kitulizo cha mtu wa pwani katika nchi ya Wakipsigis. Hapo nikamkumbuka Ettore Boiardi.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1897 mjini Piacenza, kaskazini mwa Italia. Utoto wake haukuwa wa michezo; alipofika miaka 11 alikwisha kuingia jikoni mwa hoteli kujifunza kazi. Mwaka 1914, akiwa na miaka 16, alipanda meli akenda Marekani kumfuata nduguye Paolo, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli kubwa ya Plaza, New York. Naye akapata kazi katika jiko la hoteli hiyo, akapanda daraja kwa bidii yake. Baadaye akahamia Cleveland, jimbo la Ohio, na huko, katika miaka ya 1920, akafungua mkahawa wake mwenyewe.

Mchuzi wake wa nyanya uliwapendeza watu mno. Wateja hawakutosheka kuula pale pale. Walitaka kwenda nao majumbani. Hakuwanyima. Aliutia katika chupa za maziwa, akawapa pamoja na tambi kavu na jibini. Chupa hizo ndizo zilizozaa kiwanda mwaka 1928. Haukupita muda dhiki kubwa ya uchumi ikaiangukia Marekani, na chakula chake, kwa kuwa kilikuwa rahisi, kikaingia katika nyumba za wanyonge.

Lakini palikuwa na shida ya jina. Ndimi za Wamarekani zilikwama kwenye Boiardi. Basi akaliandika upya kwa vipande vitatu, Boy-Ar-Dee, lipate kutamkika. Na Ettore akawa Hector. Kwetu sisi, ambao mtoto humfanyia akika na kumpa jina siku ya saba, hilo si jambo jepesi. Hata hivyo uso wake hakuuficha: picha yake, amevaa kofia nyeupe ya mpishi, ilibandikwa kwenye mikebe.

Mwaka 1938 kiwanda kilihamia Milton, mji mdogo wa Pennsylvania. Wakulima wa huko wakamlimia nyanya, kama wakulima wadogo wa Kericho na Bomet wanavyopeleka majani mabichi viwandani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana kulisha majeshi. Vita vilipokwisha, mahitaji ya jeshi yalikatika. Mwaka 1946 aliiuza kampuni kwa American Home Foods, kwa dola karibu milioni 6, na inasemekana alifanya hivyo ili wafanyakazi wake wasipoteze riziki.

Alifariki mwezi wa Juni 1985 huko Parma, kitongoji cha Cleveland, akiwa na miaka 87.

Mikebe yake siisifu, kwani nyama iliyomo hatuujui mkono ulioichinja. Ninalolisifu ni jingine. Chai ya Kericho hushuka Mombasa ikanadiwa mnadani, ikavuka bahari, ikachanganywa na chai za nchi nyingine na kuuzwa kwa majina ya wengine. Anayeinywa London hana habari ya Bomet, seuze ya mama aliyeichuma kwenye mvua. Boiardi alikubali jina lake lipindwe, ila hakukubali lifutwe. Hilo na liwe funzo kwa wenye chai, na kwetu sisi wenye pilau na mahamri: tuwakaribishe wageni wale washibe, lakini wajue ni nani aliyepika.