Marie Curie na radiamu ya Shinkolobwe: hati aliyoikataa

LUBUMBASHI – Likitajwa jina la Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, wengi hapa hufikiria bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Lakini miaka zaidi ya 20 kabla ya bomu, mawe yake yalichimbwa ili kutibu kansa. Nyuma ya biashara hiyo kulikuwa na mwanamke aliyekataa kulipwa.

Marie Curie alizaliwa Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867. Mwaka 1898, huko Paris, yeye na mume wake Pierre waligundua radiamu. Walichemsha na kuchuja mawe tani kwa tani ndani ya kibanda kinachovuja. Mwaka 1902 wakapata chumvi ya radiamu isiyozidi sehemu ya kumi ya gramu.

Hawakuchukua hati ya uvumbuzi, karatasi inayomlazimisha mwenye kiwanda amlipe mvumbuzi. Njia yao waliitoa bure, ingawa hawakuwa matajiri.

Pierre aligongwa na gari la farasi akafa mwaka 1906. Katika vita vya 1914–1918, Marie alitengeneza magari ya eksirei yaliyofuata majeruhi mpaka karibu na mapigano, na lingine aliendesha mwenyewe. Kufikia 1921 alikuwa na tuzo mbili za Nobel, lakini hakuweza kununua hata gramu moja ya radiamu kwa ajili ya maabara yake. Wanawake wa Marekani walimchangia, kwa bei ya dola 100,000 hivi.

Mwaka huo huo Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuchimba Shinkolobwe. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako radiamu ilianza kutolewa mwaka 1922. Yalikuwa na madini mengi kiasi kwamba viwanda vya Marekani vilifunga, bei ikashuka, Ubelgiji ikashika soko. Ukarimu wa Marie ulisaidia wagonjwa, hilo halina ubishi. Ila kwa maoni yangu faida iliishia kwa kampuni ya kikoloni, si kwake, wala kwa wachimbaji wa Katanga waliobeba mawe hayo.

Marie alikufa tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na miale aliyoishi nayo.

Mwezi Mei 1939, mkwe wake Frédéric Joliot na wenzake waliandikisha hati tatu juu ya nguvu za uraniamu, moja ikihusu milipuko. Kisha wakafanya mapatano na Union Minière, yenye uraniamu ya Shinkolobwe.