D. O. Misiani na Sauti Inayokatika Upesi

Vijana wa Kisumu wenye hamu ya kutunga na kurekodi huniuliza ni kinanda kipi cha umeme kinachofaa kununuliwa. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu zamani kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, si cha vibao vya kubonyeza. Jibu langu huwarudisha kwao, kando ya Ziwa, kwa marehemu Daniel Owino Misiani.

Alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, Tanganyika, karibu na mpaka wa Kenya. Nyumba yao ilikuwa ya dini, na yasemekana baba yake alilivunja gitaa lake la kwanza. Hakukoma. Katika miaka ya 1960 alivuka mpaka akaingia Kenya, akaanza kurekodi, na bendi yake ikaja kuvuma kwa jina la Shirati Jazz. Haki isemwe: benga hakuizaa peke yake, akina John Ogara walikuwamo. Lakini Misiani aliishikilia miaka arubaini.

Wajaluo walikuwa na nyatiti, chombo cha nyuzi nane, mpigaji akigonga ubavu wake kwa pete iliyovikwa kidole gumba cha mguu. Gitaa la benga liliurithi mdonoo ule: sauti moja moja, fupi, yazaliwa na kufa papo hapo, na besi ikiijibu mithili ya mtu wa pili. Kwanza huja maneno, kisha waimbaji hunyamaza, magitaa yakaachiwa uwanja na ngoma ikakolea.

Basi mwenye kuchagua kinanda cha nyimbo za namna hii asihadaiwe na mamia ya sauti zilizomo. Na abonyeze kibao kimoja, atege sikio. Je, sauti yakatika upesi, ama yajiburura? Kibao chatambua kidole kizito na kidole chepesi? Na zile ngoma zilizofungiwa ndani zaweza kuzimwa, sauti ya vibao ikapita peke yake kwenye waya hadi mashine ya kurekodia? Hili la mwisho ndilo kubwa. Ngoma ya mashine haimngoji mwimbaji.

Naye Misiani alikuwa mwimbaji wa kungojwa. Alitunga kwa mafumbo, akileta visa vya Biblia na wanyama wa porini, na wakubwa wakijitambua humo. Jela aliionja zaidi ya mara moja, na kuzaliwa kwake ng'ambo ya mpaka kukafanywa fimbo ya kumtishia. Mimi mshairi namwonea fahari hapo kuliko hata kwenye safari yake ya Uingereza ya mwaka 1987.

Alifariki tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu. Ukizipiga santuri zake leo, magitaa yanamzunguka pande zote, na hakuna hata moja lililompanda juu ya neno.