Charles Bean

Charles Edwin Woodrow Bean (18 Novemba 1879 – 30 Agosti 1968) alikuwa mwandishi wa habari na mwanahistoria wa Australia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikuwa mwandishi rasmi wa habari aliyefuatana na jeshi la nchi yake. Baada ya vita aliongoza uandishi wa historia rasmi ya Australia katika vita hivyo, kazi yenye juzuu 12. Anakumbukwa pia kwa juhudi zake za kuhifadhi shajara za vita za vikosi, na kama mwanzilishi mkuu wa Makumbusho ya Vita ya Australia mjini Canberra.

Maisha ya awali

Bean alizaliwa Bathurst, katika jimbo la New South Wales. Baba yake, Edwin Bean, alikuwa mwalimu mkuu wa shule mjini hapo. Mwaka 1889 familia ilihamia Uingereza, na baba yake akawa mwalimu mkuu wa shule ya Brentwood, Essex. Charles alisoma huko, kisha katika shule ya Clifton, Bristol, na baadaye Chuo cha Hertford katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikosoma Kigiriki, Kilatini na sheria.

Alirudi Australia mwaka 1904 akafanya kazi kama wakili na msaidizi wa jaji. Safari za kumfuata jaji kutoka mahakama moja hadi nyingine zilimwonyesha maisha ya watu wa bara, mbali na miji ya pwani. Mwaka 1908 aliingia katika gazeti la Sydney Morning Herald. Gazeti lilimtuma kuandika juu ya biashara ya sufu, naye akarudi na habari za watu wanaochunga na kukata manyoya ya kondoo. Makala hizo zilikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1910. Tabia ya kumtazama kwanza mtu wa kawaida ilibaki kwake hadi mwisho wa maisha.

Mwandishi wa habari vitani

Vita vilipoanza mwaka 1914, serikali ya Australia ilikiomba chama cha waandishi wa habari kichague mmoja wa kufuatana na jeshi. Bean alishinda kura hiyo kwa tofauti ndogo dhidi ya Keith Murdoch. Alikwenda na askari hadi Misri, na huko aliandika kwamba baadhi yao walikuwa wakifanya fujo mjini Cairo. Habari hiyo iliwaudhi askari wengi, na ilichukua muda kabla hawajamwamini tena.

Tarehe 25 Aprili 1915 alishuka pwani ya Gallipoli, nchini Uturuki, saa chache tu baada ya askari wa kwanza. Mwezi Mei aliwasaidia majeruhi huku risasi zikipigwa. Alipendekezwa apewe nishani, lakini hakuweza kuipata kwa sababu alikuwa raia. Mwezi Agosti alipigwa risasi mguuni, akakataa kuondoka Gallipoli kwa matibabu, na risasi hiyo ilibaki mwilini mwake maisha yote. Kati ya waandishi wa habari waliofika Gallipoli, yeye ndiye aliyekaa karibu muda wote, hadi jeshi lilipokuwa likiondolewa mwezi Desemba.

Mwaka 1916 alifuatana na jeshi hadi Ufaransa. Alishuhudia matokeo ya mapigano ya Fromelles, ambako divisheni moja ya Australia ilipoteza watu 5,533, waliouawa, kujeruhiwa au kutekwa, kwa usiku mmoja. Baadaye alikuwa Pozières, ambako hasara ya Waaustralia ilifikia watu wapatao 23,000 katika muda usiotimia majuma saba. Muda wote huo alikuwa akiandika. Hadi vita vinakwisha alikuwa amejaza zaidi ya madaftari 200.

Shajara za vita

Ili kuielewa kazi ya Bean, ni lazima kujua shajara ya vita ni nini. Katika jeshi la Uingereza na majeshi ya dola yake, kila kikosi kilichokuwa vitani, kuanzia batalioni hadi makao makuu ya jeshi, kililazimika kuandika kumbukumbu rasmi ya kila siku. Karatasi iliyotumika ilikuwa fomu ya jeshi namba C.2118. Ilikuwa na nafasi za mahali, tarehe, saa, muhtasari wa matukio, na maelezo yanayoelekeza kwenye viambatisho. Viambatisho vilikuwa amri za mapigano, ramani, ujumbe na taarifa za hasara. Kwa kawaida aliyeandika alikuwa ofisa wa makao ya kikosi, na mkuu wa kikosi ndiye aliyewajibika. Nakala halisi ilipelekwa kwa wakubwa kila mwezi.

Shajara hizo zilikuwa na malengo mawili. La kwanza lilikuwa kuweka kumbukumbu sahihi kwa ajili ya historia. La pili lilikuwa kukusanya mafunzo ya kuboresha mpango, mazoezi na utawala wa jeshi. Vikosi vilivyopigana Afrika Mashariki, vikiwamo vya King's African Rifles, vilifuata utaratibu huohuo, na shajara zao zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, London.

Hata hivyo shajara ya vita ina udhaifu wake. Siku ya utulivu ofisa ana nafasi ya kuandika mengi; siku ya mapigano makali hana nafasi hata ya kulala. Kwa hiyo mara nyingi siku muhimu zaidi ndiyo yenye mistari michache. Wakati mwingine mwandishi mwenyewe aliuawa, na ukurasa ukajazwa baadaye na mtu ambaye hakuona tukio. Saa zilikosewa, na mahali palitajwa kwa kukisia. Tena kamanda aliyeshindwa hakuwa na sababu ya kueleza kosa lake kwa kirefu.

Idara ya Kumbukumbu za Vita

Mwanzoni shajara za vikosi vya Australia zilipelekwa London na kubaki mikononi mwa Waingereza. Bean aliona hatari mbili. Nchi yake ingebaki bila kumbukumbu za watu wake, na shajara zenyewe zilikuwa zikiandikwa bila uangalifu. Aliwasihi wakubwa wa jeshi walitazame jambo hilo. Mwezi Mei 1917 iliundwa Idara ya Kumbukumbu za Vita ya Australia mjini London, ikiongozwa na ofisa kijana, John Treloar, aliyezaliwa mwaka 1894.

Treloar alianza na wasaidizi wachache sana. Aliwaandikia maofisa wa vikosi na kuwaeleza kwa nini shajara ilikuwa na maana kwa vikosi vyao wenyewe. Wengi waliokuwa wakiiona kama mzigo wa makaratasi walianza kuijali, na shajara za miaka miwili ya mwisho ya vita ni nzuri kuliko za mwanzo. Idara hiyo ilikusanya pia picha, ramani, silaha na vitu vingine maelfu kwa maelfu kutoka uwanja wa vita.

Suala la Monash

Mwaka 1918 Bean alifanya jambo ambalo limeathiri sifa yake. John Monash alipoteuliwa kuongoza majeshi ya Australia huko Ufaransa, Bean na Murdoch walijaribu kumshawishi Waziri Mkuu Billy Hughes amweke Brudenell White badala yake. White mwenyewe hakuunga mkono mpango huo. Hughes aliwauliza makamanda, akaona wanamtaka Monash, naye akabaki. Monash alipata ushindi mkubwa katika miezi iliyofuata. Maandishi ya Bean ya wakati ule yanaonyesha kwamba alikuwa na chuki dhidi ya Monash kwa kuwa Myahudi. Baadaye Bean alikiri katika maandishi yake kwamba walikosea kuingilia uteuzi huo. Madaftari yenye mawazo hayo hakuyaharibu. Aliyahifadhi pamoja na mengine.

Uandishi wa historia rasmi

Mwaka 1919, kabla ya kurudi nyumbani, Bean aliongoza ujumbe uliokwenda Gallipoli, akiwamo mpiga picha Hubert Wilkins na mchoraji George Lambert. Walitembea juu ya vilima vya mapigano wakilinganisha ardhi na yaliyoandikwa. Ofisa wa Kituruki, Zeki Bey, aliyepigana upande wa pili, alimweleza Bean jinsi mambo yalivyokuwa kwa jeshi la Milki ya Osmani.

Baadaye Bean na wasaidizi wake walianza kazi katika nyumba ya shamba huko Tuggeranong, karibu na Canberra, kisha wakahamia Sydney mwaka 1925. Mwaka 1921 alimwoa Ethel Young, aliyekuwa muuguzi, na baadaye walimlea binti wa kupanga, Joyce.

Njia yake ya kazi ilikuwa kuweka shajara ya kikosi kando ya madaftari yake, barua za askari na majibu ya walioshuhudia, kisha kuvilinganisha. Pale vilipopingana alitafuta mtu aliyekuwepo na kumwandikia. Alitaja askari wa kawaida kwa majina, na katika tanbihi alieleza kila mmoja alitoka wapi na alikuwa na kazi gani kabla ya vita. Serikali ilikubali kwamba kazi yake isichujwe. Mwanahistoria rasmi wa Uingereza, James Edmonds, alisoma rasimu zake na kulalamika mara kwa mara kwamba aliwalaumu mno Waingereza.

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1921. Kati ya juzuu 12, Bean aliandika sita mwenyewe, na ya mwisho kati ya hizo ilitoka mwaka 1942, wakati dunia ikiwa tena vitani.

Makumbusho na miaka ya mwisho

Wazo la makumbusho lilimjia Bean vitani, mwaka 1916, kufuatia mauaji ya Pozières. Jengo lilifunguliwa Canberra tarehe 11 Novemba 1941, na Treloar alikuwa mkurugenzi wake. Katika orodha ya waliokufa iliyoandikwa humo, majina hayana vyeo: jenerali na askari wa kawaida wameandikwa sawasawa.

Kuanzia mwaka 1942 Bean aliongoza kamati ya serikali iliyosimamia uhifadhi wa nyaraka, na kazi yake ilichangia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Australia. Mwaka 1946 alitoa historia fupi ya vita katika kitabu kimoja. Alikataa zaidi ya mara moja kupewa cheo cha Sir. Alifariki katika hospitali ya Concord, Sydney, akiwa na umri wa miaka 88.

Urithi

Shajara za vikosi vya Australia na madaftari ya Bean vimehifadhiwa katika makumbusho ya Canberra na husomwa na watafiti pamoja na familia zinazotafuta habari za ndugu zao. Kwenye madaftari yake Bean aliambatisha onyo: kwamba yaliandikwa haraka, mara nyingi mwandishi akiwa amechoka na nusu amelala, na kwamba baadhi ya mambo yaligunduliwa baadaye kuwa si kweli. Alitaka msomaji ayatumie kwa tahadhari na kuyalinganisha na ushahidi mwingine, kama yeye mwenyewe alivyozitendea shajara za vikosi.