Walter Kaaden: Fundi Aliyegeuza Nduthi Ndogo Kuwa Moto wa Mbio, Kisha Siri Yake Ikatoroshwa

Msee wa Eldy, iko nduthi ya kugo imelala nyuma ya nyumba huko Langas ama Kapseret? Ile Yamaha ama Suzuki ya zamani, yenye petroli lazima ichanganywe na oili, na ikiwaka inafukiza moshi hadi majirani wanafunga madirisha? Najua unafikiria kuiuza kwa watu wa vyuma kuukuu. Tulia kwanza. Umeona vile wasee wanazivua taa na makava, wanaweka usukani wa chini na kiti cha mtu mmoja, zinakaa kama za mbio za miaka ya 60? Basi kabla hujapeleka yako kwa fundi, jua huyu jamaa anaitwa Walter Kaaden.

Kaaden alizaliwa Septemba 1, 1919, Pobershau, kijiji cha milimani huko Saxony, Ujerumani. Babake alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa kampuni ya DKW, watengenezaji wa pikipiki mji wa karibu wa Zschopau. Akiwa na miaka 7 tu alifika Nürburgring siku uwanja huo wa mbio ulipofunguliwa mwaka wa 1927. Dogo akaharibikiwa kabisa. Kutoka hapo ilikuwa injini tu.

Alisomea ufundi Chemnitz, na mwaka wa 1940 akaingia kiwanda cha ndege cha Henschel. Tusifiche: kazi huko ilikuwa silaha za vita vya Hitler, mabomu ya roketi yanayoongozwa kwa redio. Vita vilipoisha Wamarekani walimweka kizuizini, kisha akarudi nyumbani. Ujerumani ilikuwa magofu, kwa hivyo jamaa akaanza biashara ya mbao, akitengeneza mapaa ya nyumba zilizopigwa mabomu. Mchana mbao, masaa ya ziada nduthi.

Na hapa ndipo stori yake inafanana na yako. Hakuwa na mashine mpya. Alichukua DKW RT125, pikipiki ndogo ya kazi iliyochorwa kabla ya vita, akaifungua na kuijenga upya iwe ya mbio. Akaanza kuingia mashindano ya mtaani. Mwaka wa 1953 kiwanda cha Zschopau, sasa chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki na baadaye kikiitwa MZ, kikampa idara nzima ya mbio. Bajeti? Kidogo sana. Italia walikuwa na doo, na Japani walikuwa wanakuja na zao. Kaaden alikuwa na kichwa.

Sikia shida aliyotatua. Injini ya mipigo miwili haina valvu kama za gari. Pistoni yenyewe ndiyo inafungua na kufunga matundu. Kwa hivyo petroli mpya ikiingia, nyingine inatorokea kwa ekzosi kabla haijachomwa. Ni kama matatu yenye abiria wanapandia mlango wa mbele na kushukia wa nyuma kabla gari halijatoka stage. Utapata faida kweli?

Kaaden akaamua ekzosi iwe makanga. Wazo la bomba lililofura katikati alilikuta kwa nduthi za mbio za wenzake, lakini yeye ndiye aliketi nalo akapima mawimbi ya presha kwa osiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi kwa skrini. Akajua ni kwa nini linafanya kazi. Sehemu inayopanuka inarudisha mvuto unaotoa moshi wote na kuvuta petroli mpya. Sehemu inayobana inarudisha wimbi linalosukuma ile petroli imetoroka irudi ndani, tundu likifungwa tu. Makanga amewashika, amewarudisha kwa viti, mlango umefungwa.

Akaongeza kisahani chenye pengo kinachozunguka ili kupangia mchanganyiko saa ya kuingia, na tundu lingine la kupitishia petroli. Mwaka wa 1954 injini yake ya 125 ilitoa nguvu farasi 13. Kufikia 1961 zilikuwa 25, ikizunguka mara 10,800 kwa dakika. Hiyo ni hesabu ya farasi 200 kwa lita moja ya injini, kitu ambacho hakuna injini ya kupumua hewa ya kawaida ilikuwa imefikisha.

Halafu ngori. Dereva wake nyota alikuwa Ernst Degner, na mwaka huo wa 1961 alikuwa karibu sana na ubingwa wa dunia wa 125. Agosti, Ukuta wa Berlin ukajengwa. Septemba, mbio zikaenda Kristianstad, Uswidi. Injini ya Degner ikakufa njiani. Baada ya mbio, yeye mwenyewe akapotea. Alikuwa amepanga na Suzuki kimyakimya. Mke na watoto walivushwa mpaka wakiwa wamefichwa kwa buti ya gari, watoto wakiwa wamepewa dawa ya usingizi. Ubingwa ukaenda kwa Tom Phillis wa Honda.

Degner akatua Japani na siri zote. Mwaka wa 1962 akashinda ubingwa wa dunia wa 50 akiwa na Suzuki, wa kwanza kabisa kwa injini ya mipigo miwili. Fikiria roho ya Kaaden. Kazi ya miaka, na kombe liko kwa kabati ya mtu mwingine.

Lakini hakutoroka, na hakuacha spana. Mwaka wa 1963 Mike Hailwood alipanda MZ yake ya 250 na kuwachapa wote nyumbani, Sachsenring. Nao Wajapani wakakimbia na elimu hiyo: kutoka 1975 hadi 2001, kila bingwa wa daraja la 500 alikuwa juu ya injini ya mipigo miwili. Kaaden alifariki Machi 3, 1996, akiwa na miaka 76.

Sasa rudi kwa nduthi ya kugo. Kama ni Yamaha, iko na undugu na huyu mzee: Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, iliigwa kutoka RT125. Ukiijenga, usinunue ekzosi kwa sababu inang'aa. Urefu wake lazima uendane na injini yako, la sivyo nguvu inashuka. Na wewe wa mji wa wakimbiaji unajua hewa yetu ya mita 2,100 ni nyepesi. Kabureta iliyopangiwa pwani itaizamisha na petroli huku juu, kwa hivyo fundi aweke jeti ndogo. Lakini ukishuka nayo Kisumu, badilisha tena. Huko hewa ni nzito, petroli itakuwa kidogo, na pistoni itashika ukiwa mwendo mkali. Beba jeti zote mbili kwa mfuko.