Beryl Markham: Rubani aliyepeleka oksijeni Nungwe kwa injini moja

USIKU mmoja wa Juni, 1935, ndege ndogo iliondoka Nairobi kuelekea Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu ya kusini mwa Ziwa Victoria. Ndani yake kulikuwa na mtungi wa oksijeni wa kumwokoa mchimbaji aliyekuwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu. Rubani alikuwa peke yake, mwanamke wa miaka 32, Beryl Markham.

Nungwe hiyo, ambayo si Nungwi ya Zanzibar, iko Geita, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012.

Markham alizaliwa Oktoba 26, 1902, nchini Uingereza, akapelekwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba Njoro. Mama alirejea kwao, naye binti akakua akicheza na kuwinda pamoja na watoto wa Kiafrika, akizungumza Kiswahili kama wao. Akiwa bado kijana alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume.

Mwaka 1931, ambao shirika la Imperial Airways lilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza, alijifunza urubani kwa Tom Campbell Black. Mwaka huo huo rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikufa ndege yake ilipoanguka Voi. Msiba huo haukumrudisha nyuma. Mwaka 1933 alipata leseni ya biashara, akawa anabeba barua, abiria na dawa, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Maisha yake yote kazini yalitegemea injini moja. Injini ikizimika, ndege haidondoki kama jiwe. Huendelea kuteleza hewani huku ikipoteza kimo. Rubani hana budi kuinamisha pua ili mwendo usipungue, kisha atafute mahali tambarare kabla ardhi haijamfikia. Kando ya ziwa alikuta maji, mafunjo na miamba. Mbugani kulikuwa na vichuguu na mashimo ya ngiri, yanayotosha kuvunja magurudumu. Hata aliyetua salama alibaki na kiu, jua na wanyama, bila redio ya kuomba msaada.

Safari ya Nungwe ilikuwa ya kilomita zipatazo 560, gizani, na kiwanja chenyewe kiliangazwa kwa mioto. Alitua salama na kukabidhi mtungi.

Wakati wa kurejea alimtafuta rubani mwenzake, aliyejulikana kwa jina la Woody, ambaye alilazimika kutua na ndege yake aina ya Klemm katika mbuga za Serengeti na kutoweka. Markham aliiona ndege hiyo kutoka angani, akatua na kumchukua akiwa hai.

Zamu yake ilifika mwaka uliofuata. Septemba 4, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, akiwa na ndege ya Vega Gull, kwa nia ya kufika New York dhidi ya upepo. Baada ya zaidi ya saa 21 angani injini ilikosa mafuta. Inaaminika kuwa barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi. Nchi kavu ilikuwa imeshaonekana. Aliteremka katika kisiwa cha Cape Breton, Canada, na ndege ikachomeka pua kwenye matope. Alitoka na jeraha la kichwa, akiwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini.

Furaha haikudumu. Wiki mbili baadaye mwalimu wake, Black, alikufa katika ajali ya ndege mjini Liverpool.

Mwaka 1942 alitoa kitabu cha kumbukumbu, West with the Night, kinachofunguliwa na safari ya Nungwe. Wapo waliodai kwamba mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Kilisahaulika hadi kilipochapishwa upya mwaka 1983, wakati mwandishi akiishi Nairobi katika hali duni. Alifariki dunia huko Agosti 3, 1986.

Dunia humkumbuka kwa Atlantiki, alikotafuta rekodi. Nungwe hakukuwa na rekodi wala wapiga picha. Kulikuwa na mgonjwa aliyehitaji hewa, na injini moja ambayo usiku ule haikuzimika.